Mchumia Juani: Maisha ya John Herschel na Picha Zilizochapwa kwa Maua

Utangulizi

Wahenga walilonga kuwa mchumia juani hulia kivulini. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mtu afanye kazi kwa bidii ili baadaye apate raha. Hata hivyo, ipo kazi moja ya mikono ambayo methali hii huieleza neno kwa neno, bila istiari yoyote. Kazi hiyo ni uchapaji wa picha kwa rangi ya maua na mwanga wa jua. Picha ya aina hii huumbwa juani, lakini hutazamwa kivulini. Ikirudishwa juani, hufutika taratibu hadi karatasi ikabaki tupu.

Mkazi wa Nakuru hahitaji maabara ili auone msingi wa jambo hili. Leso inayoanikwa uani siku nenda siku rudi hupauka. Kibao cha duka kinachopigwa na jua la alasiri hupoteza wekundu wake mapema, huku maandishi meusi yakibaki. Kalenda iliyotundikwa mwaka mzima juu ya ukuta wa rangi unaofikiwa na jua huacha alama inapoondolewa: mstatili uliokoza, wenye umbo na ukubwa wa kalenda yenyewe. Mstatili huo ni picha. Jua limeichora kwa kuifuta rangi ya pembeni na kuiacha ile iliyofunikwa.

Wengi huliona jambo hilo na kulipita. Mtu aliyesimama na kulichunguza hadi likawa elimu ni Sir John Frederick William Herschel, Mwingereza aliyeishi kati ya 1792 na 1871. Katika vitabu vingi anatajwa kama mwanafalaki, na katika vichache kama mmoja wa waasisi wa upigaji picha. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuongozwa na swali moja: Kwa nini mtu aliyeupa ulimwengu dawa ya kuifanya picha idumu alizihangaikia pia picha ambazo hakuna dawa iliyoweza kuzidumisha?

Mwana wa Mtazama Nyota

John Herschel alizaliwa tarehe 7 Machi 1792 katika mji wa Slough, magharibi mwa London. Alikuwa mtoto wa pekee wa William Herschel na mkewe Mary. William alikuwa mwanamuziki mzaliwa wa Hanover, Ujerumani, aliyehamia Uingereza na kujifunza mwenyewe ufundi wa kuunda darubini. Mnamo 1781 aliigundua sayari ya Uranasi, na baadaye muziki ukawekwa kando. Shangazi yake John, Caroline Herschel, alikuwa msaidizi wa William na mgunduzi wa nyotamkia kadhaa kwa juhudi zake mwenyewe. Uani mwa nyumba yao ilisimama darubini yenye urefu wa futi 40, iliyoshikiliwa na jukwaa kubwa la miti. John alikulia chini ya jukwaa hilo.

Alipokuwa na umri wa miaka 8, baba yake alifanya jaribio ambalo lingekuja kuiongoza kazi ya mwana. William aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, mwanga ukajitandaza kama upinde wa mvua, naye akaweka vipimajoto katika rangi mbalimbali. Kipimajoto alichokiweka nje ya wekundu, mahali ambapo macho hayakuona rangi yoyote, kilipanda kuliko vyote. Ilibainika kuwa jua hutoa miale isiyoonekana, na kwamba kazi ya mwanga haiishii pale macho yanapoishia.

Mnamo 1809 John alijiunga na Chuo cha Mtakatifu Yohana, Cambridge. Akiwa mwanafunzi, alishirikiana na wenzake Charles Babbage na George Peacock kuunda chama mwaka wa 1812 kwa lengo la kuleta mageuzi katika ufundishaji wa hisabati. Chama chenyewe hakikuishi muda mrefu, lakini mageuzi yale yalifaulu. Mwaka wa 1813 John aliongoza katika mtihani wa hisabati wa chuo kikuu, na mwaka uo huo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Shirika la Kifalme la wanasayansi mjini London akiwa kijana wa miaka 21.

Alijaribu kusomea sheria, akaiacha. Mwaka wa 1816, baba yake akiwa amezeeka na usiku wa baridi ukimlemea, John alirudi Slough kuendeleza kazi ya nyota. Ni dhahiri kuwa haukuwa uamuzi mwepesi. Aliipenda kemia na alipenda kuwa huru, na sasa alikuwa amebebeshwa urithi. Hata hivyo, aliupokea urithi huo bila kuitupa kemia yake.

Dawa Iliyosubiri Miaka 20

Mnamo 1819 John Herschel alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu chumvi iliyoitwa wakati huo haiposulfaiti ya soda. Miongoni mwa sifa alizozieleza ni kwamba mmumunyo wa chumvi hii huziyeyusha kwa wepesi chumvi za madini ya fedha ambazo haziyeyuki katika maji. Hakuna aliyeona umuhimu wa habari hiyo. Upigaji picha ulikuwa haujazaliwa, na taarifa ile ikabaki kurasani kama mbegu ghalani.

Miaka iliyofuata ilijaa shughuli. Mnamo 1820 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wanafalaki mjini London. Mwaka wa 1822 baba yake alifariki. Mwaka wa 1829 alimwoa Margaret Brodie Stewart, binti wa mchungaji wa Uskoti, nao wakajaliwa watoto 12. Mwaka wa 1830 alitoa kitabu kuhusu njia za kuichunguza tabia ya ulimwengu, na kitabu hicho kikamwathiri kwa kina mwanafunzi mmoja wa Cambridge aliyeitwa Charles Darwin. Mwaka wa 1831 alipewa cheo cha Sir.

Katika hekaheka hizo zote lilikuwapo jambo lililokuwa halijakamilika. Baba yake alikuwa ameichunguza anga inayoonekana kutoka Uingereza, lakini nyota za kusini hazichomozi huko. Anayeishi Nakuru, kilomita zipatazo 30 tu kusini mwa ikweta, anaweza kuziona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini katika mzunguko wa mwaka mmoja. Anayeishi Slough hawezi. Ili aimalize kazi ya baba yake, John Herschel alilazimika kuja Afrika.

Miaka 4 Barani Afrika

Tarehe 13 Novemba 1833 familia ya Herschel ilipanda meli pamoja na watoto watatu na darubini yenye urefu wa futi 20. Walifika Rasi ya Tumaini Jema Januari 1834 na kukaa katika shamba la Feldhausen, karibu na mji wa Cape Town. Kwa miaka 4 John alikesha akihesabu na kupima. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka wa 1847, iliorodhesha mawingu na vishada vya nyota 1,707 pamoja na nyota pacha 2,102. Mnamo Juni 1836 alitembelewa na Darwin, aliyekuwa njiani kurejea kwao kutoka katika safari yake ya kuizunguka dunia.

Lakini nyota ni kazi ya usiku. Mchana, John na Margaret waligeukia maua. Rasi ina utajiri wa mimea usio na mfano, na Herschel alikusanya vitunguu vya maua, akavipanda bustanini na kuvitazama vikichanua. Kisha mume na mke walishirikiana kuvichora. John alitumia kamera lusida, kifaa chenye mche mdogo wa kioo kinachomwezesha mchoraji kuona umbo la kitu kana kwamba limelala juu ya karatasi. Aliufuatisha ukingo wa kila jani na kila petali kwa penseli, naye Margaret akajaza rangi. Walitengeneza michoro zaidi ya 100 kwa namna hiyo.

Ushirikiano huo unastahili kuzingatiwa. Mwanga ulileta umbo, mkono ukalifuata, na rangi ikaongezwa baadaye kwa brashi. Hatua iliyobaki ilikuwa kuuacha mwanga uchore peke yake, na kuiacha rangi ya ua iwe wino.

Ikumbukwe pia kuwa utulivu wa bustani ile ulikuwa katika nchi yenye majeraha. Rasi ilikuwa koloni la Uingereza. Utumwa ulifutwa huko kisheria mnamo Desemba 1834, lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao hadi 1838 kwa kisingizio cha uanagenzi. Familia ya Herschel iliondoka Machi 1838, ikiwa na watoto sita, watatu kati yao wakiwa wamezaliwa Afrika. Mwaka huo John akapewa cheo cha baroneti.

Siku Chache za Januari 1839

Mnamo Januari 1839 habari zilienea kutoka Paris kwamba Louis Daguerre alikuwa amefaulu kuzinasa taswira zinazoletwa na mwanga ndani ya kamera. Siri ya njia yake haikutolewa. Nchini Uingereza, William Henry Fox Talbot alitangaza kuwa naye alikuwa na njia yake, ya karatasi iliyotiwa chumvi za fedha. Tatizo lililowasumbua wote lilikuwa moja. Picha ilipopatikana, mwanga uleule uliendelea kuitia weusi hadi ikaharibika.

Herschel aliipata habari hiyo katika juma la nne la Januari. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ametengeneza picha yake mwenyewe na kuizuia isiharibike. Alikumbuka chumvi ya 1819. Mmumunyo ule uliziondoa chumvi za fedha ambazo hazijaguswa na mwanga, na picha ikatulia. Talbot alipomtembelea Slough mwanzoni mwa Februari, Herschel alimweleza siri hiyo bila kuificha, na baada ya muda mfupi ilijulikana Ulaya nzima. Hakuilinda kwa hataza wala kuidai fedha. Wapiga picha walilifupisha jina la dawa hiyo likawa haipo, nao wakaitumia katika vyumba vya giza duniani kote kwa zaidi ya karne moja. Katika masikio ya Mswahili jina hilo ni kinaya kitamu, kwani haipo ndiyo iliyoifanya picha iwepo.

Mnamo Machi 1839 aliwasilisha taarifa yake mbele ya Shirika la Kifalme na kulitumia humo neno lililokuja kuwa jina la fani hii katika lugha nyingi, yaani fotografia. Aidha, ni yeye aliyeyaleta katika fani hiyo maneno negativu na pozitivu, kwa picha ambayo weupe na weusi wake umegeuzwa na kwa ile iliyorejeshwa katika hali yake ya asili. Mnamo Septemba 1839 alipiga juu ya kioo picha ya jukwaa la darubini kubwa ya baba yake, lililokuwa limechakaa na kukaribia kubomolewa. Jukwaa lilikwenda, kumbukumbu yake ikabaki.

Kinu, Karatasi na Jua

Mtu mwingine angetosheka. Herschel alikuwa na dawa, alikuwa na sifa, na fani mpya ilikuwa imefunguka mbele yake. Badala ya kuifuata biashara ya picha, alirudi kwenye maua.

Familia ilihamia Hawkhurst, katika jimbo la Kent, mwaka wa 1840, kwenye nyumba yenye bustani kubwa. Humo Herschel aliendesha majaribio aliyoyawasilisha mbele ya Shirika la Kifalme mnamo Juni 1842. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto angeweza kuufuata. Petali mbichi zilipondwa ndani ya kinu cha marumaru, zikatiwa spiriti kidogo, kisha zikakamuliwa katika kitambaa. Maji ya rangi yaliyopatikana yalipakwa kwa brashi juu ya karatasi nzuri, na karatasi ikakaushwa mbali na mwanga. Baadaye picha iliyochapwa kwenye karatasi nyembamba, au jani, iliwekwa juu yake na kubanwa kwa kioo, vyote vikaachwa juani.

Kilichofuata ni kungoja. Penye weupe wa picha ya juu, jua lilipenya na kuichoma rangi ya ua. Penye weusi, jua lilizuiwa na rangi ikasalia. Baada ya siku kadhaa, na pengine majuma, picha ilijitokeza kwa rangi ya ua lenyewe. Njia hii ilikuja kuitwa anthotaipu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ua.

Herschel alijaribu maua mengi: mipopi, vayoleti, na ua la manjano lililojulikana kwa jina la Corchorus japonica, miongoni mwa mengine. Aligundua kuwa hayafanani. Rangi nyingine ilififia kwa saa chache za jua kali, nyingine ikakaidi kwa majuma. Zaidi ya hayo, aliutumia mche wa kioo, kama baba yake alivyofanya, akauelekeza upinde wa rangi juu ya karatasi iliyopakwa maji ya maua. Hapo likaonekana jambo la ajabu. Kwa jumla, rangi ya ua haiharibiwi na mwanga wa rangi yake yenyewe, bali na mwanga wa rangi iliyo kinyume chake. Rangi ya manjano iliathiriwa zaidi na miale ya upande wa bluu, na rangi ya bluu iliathiriwa na miale ya upande wa manjano na wekundu.

Sababu yake inaeleweka vyema leo. Ua huonekana la manjano kwa kuwa linaurudisha mwanga wa manjano machoni na kuumeza ule wa bluu. Mwanga unaorudishwa hauwezi kufanya kazi ndani ya ua. Mwanga unaomezwa ndio unaovunja molekuli za rangi. Kwa maneno mengine, ua huangamizwa na kile linachokipokea. Wakulima wa pareto wa Molo na Elburgon waliishi na kanuni iyo hiyo. Pareto, zao ambalo kwa miaka mingi katika karne ya 20 liliifanya Kenya iongoze duniani, hutoa dawa ya kuua wadudu ambayo nguvu zake huvunjwa upesi na mwanga wa jua.

Miongoni mwa matumaini ya Herschel ilikuwemo ndoto ya picha za rangi. Ikiwa kila ua lina miale inayoliathiri, alifikiri, huenda mchanganyiko unaofaa ungeweza kuupokea ulimwengu katika rangi zake halisi. Ndoto hiyo haikutimia mikononi mwake. Tatizo kubwa zaidi halikutatuliwa pia. Chumvi za fedha ambazo hazijaguswa na mwanga zinaweza kuondolewa kwa dawa, na picha ikabaki. Katika picha ya ua, rangi ambayo haijaguswa na mwanga ndiyo picha yenyewe. Ukiiondoa, umeiondoa picha. Aliyewapa wengine haipo alijikuta hana dawa kwa maua yake.

Bluu Iliyodumu na Mwenzi Aliyekuwa Rumi

Hata hivyo, juhudi zile hazikwenda bure. Katika taarifa iyo hiyo ya 1842, Herschel alieleza njia nyingine iliyozaliwa sambamba na majaribio ya maua, iliyotumia chumvi za chuma badala ya fedha. Karatasi iliyopakwa chumvi hizo iligeuka bluu ilipopigwa na jua, na ilihitaji maji tu kuoshwa ili picha idumu. Hiyo ndiyo sayanotaipu. Kuanzia Oktoba 1843, Anna Atkins, mwanabotania wa Kent aliyefahamiana na familia ya Herschel, aliitumia kuchapa picha za mwani wa Uingereza. Kazi yake huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za mwanga. Baadaye wahandisi na wasanifu majengo waliitumia njia hiyo kunakili ramani zao za bluu hadi katika karne ya 20.

Kazi ya maua nayo haikukosa mrithi. Mary Somerville, Mskoti aliyejifunza hisabati na falaki kwa juhudi zake mwenyewe katika zama ambazo vyuo vikuu vilifungiwa wanawake, alikuwa akiishi Rumi. Mwaka wa 1845 aliyafanyia majaribio maji ya mimea chini ya mwanga wa mche wa kioo na kumwandikia Herschel matokeo yake. Shirika la Kifalme halikuwa na wanachama wanawake. Herschel aliiwasilisha barua hiyo, na dondoo lake likachapishwa katika jarida la Shirika mwaka wa 1846. Kwa namna hiyo mlango uliofungwa ulipitiwa kupitia dirisha la rafiki.

Jua la Bonde la Ufa

Herschel alifanya kazi yake chini ya anga ya Uingereza, ambako mawingu hutanda sehemu kubwa ya mwaka na msimu wa maua ni mfupi. Mtu anayeyasoma maisha yake akiwa Nakuru au Njoro hakosi kuyalinganisha mazingira hayo na yake. Jiji la Nakuru liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Mnamo Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu wima juu yake, na katika mwinuko huo hewa ni nyembamba kuliko ya pwani, hivyo miale mikali ya urujuanimno hupungua kidogo zaidi kabla ya kufika ardhini.

Malighafi nayo imetapakaa. Watengenezaji wa leo wa picha hizi duniani hupenda maji ya biti, mchicha, bizari ya manjano na petali za waridi, vitu vinavyopatikana katika soko lolote la Bonde la Ufa au kwenye uzio wa nyumba. Mashamba ya Naivasha hukuza mawaridi kwa wingi na kuyasafirisha kwa ndege hadi Ulaya. Maua ambayo Herschel aliyasubiri msimu hadi msimu katika bustani yake huchanua pande hizi mwaka mzima.

Hata heroe, ndege waliolipa Ziwa Nakuru umaarufu kabla ya wengi wao kuhamia Bogoria na kwingineko maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya 2010, ni ushahidi wa nguvu za rangi za aina hii. Wekundu wao si wa kuzaliwa. Makinda yao ni ya kijivu, na rangi huingia manyoyani kutokana na viumbe vidogo mfano wa mwani wanavyovila majini. Rangi inayopatikana katika uhai mdogo kiasi hicho inatosha kulibadilisha umbo zima la ndege na sura ya ziwa zima. Herschel aliishughulikia nguvu iyo hiyo kwa tone moja la maji ya ua.

Machweo

Miaka ya uzee haikuwa myepesi. Mnamo 1850 Herschel aliteuliwa kuisimamia hazina ya kutengeneza sarafu za Uingereza, kazi iliyowahi kufanywa na Isaac Newton. Mzigo wa ofisi, migogoro na upweke wa kuwa mbali na familia vilimwangusha kiafya, naye akajiuzulu mwaka wa 1855. Alirejea Hawkhurst kwenye bustani, watoto na orodha zake za nyota. Mwaka wa 1864 alitoa orodha kuu ya mawingu na vishada vya nyota iliyounganisha kazi yake na ya baba yake. Orodha hiyo ndiyo msingi wa nyingine iliyokuja baada yake, ambayo wanafalaki wanaendelea kuitumia.

Mwaka wa 1867 rafiki wa siku nyingi, Julia Margaret Cameron, ambaye alikutana na familia hiyo Rasi katika miaka ya 1830 na ambaye sasa alikuwa mpiga picha mashuhuri, alifika kumpiga picha. Uso wa mzee mwenye mvi zilizotimka, ukitokeza gizani, umekuwa mojawapo ya picha maarufu zaidi za karne ya 19. Hatua za kuidumisha picha hiyo zilitegemea elimu iliyoanza na jaribio la kijana wa 1819.

John Herschel alifariki tarehe 11 Mei 1871, akiwa na umri wa miaka 79. Alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, karibu na Newton. Mwaka wa 1882 Darwin alizikwa kando yake.

Hitimisho

Swali lililoulizwa mwanzoni linaweza sasa kujibiwa. Herschel hakuzihangaikia picha za maua kwa kuwa alitaka kuzimiliki. Kila karatasi iliyofifia ilikuwa kwake kipimo, kama vile usomaji wa kipimajoto ulivyokuwa kipimo kwa baba yake. Kilichokuwa kikitafutwa si picha bali tabia ya mwanga, na tabia hiyo ilijidhihirisha pale ambapo picha ilikataa kudumu. Kufifia kwenyewe ndiko kulikokuwa habari.

Sambamba na hilo, kuna suala la uaminifu wake. Alizichapisha njia zake zote, zilizofaulu na zilizoshindwa, ili mwingine aanzie pale alipoishia yeye. Sayanotaipu ilitoka katika taarifa iyo hiyo iliyokiri kwamba maua hayajapata dawa. Angezificha zile zilizomshinda, Somerville asingepata pa kuanzia.

Baadhi ya karatasi zake za maua zimehifadhiwa hadi leo, zikiwemo zilizoko katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Zimedumu kwa sababu moja tu: zimewekwa gizani, ndani ya masanduku, nazo hufunuliwa kwa nadra na kwa muda mfupi. Rangi zilizokamuliwa kutoka katika bustani zaidi ya karne moja na nusu iliyopita zingali hapo, zikiwa zimefifia lakini zikisomeka. Zilichumwa juani, zinaishi kivulini.